Santuri ya senti 50



Leo naomba nikupeleke mbali kidogo, kwenye mashamba ya mahindi ya jimbo la Iowa, Marekani, nilikosoma kwa miaka miwili. Kule, msimu wa joto ukifika, Jumamosi asubuhi utaona vipande vya maboksi vimefungwa kwenye nguzo za njia panda, vimechorwa mshale. Ukiufuata unafika nyumbani kwa mtu. Meza zimepangwa uani, na juu yake vitu ambavyo nyumba haivihitaji tena: vikombe, pasi, ndoano za samaki, viatu vya watoto ambao sasa ni watu wazima. Kila kitu kimebandikwa bei. Mara nyingi mwenyeji anahamia nyumba ndogo, au amefiwa.

Mimi nilikuwa natafuta santuri, zile sahani nyeusi za gramafoni ambazo wazee wetu walizifuta vumbi kwa kitambaa laini na kutukataza kuzigusa. Huwa chini ya meza, kwenye kreti za maziwa, dola moja moja.

Ugonjwa huo niliupata kwa bahati. Siku moja, katikati ya nyimbo za Krismasi, nilikutana na Missa Luba. Ni misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mtindo wa Waluba na kwaya ya wavulana na walimu wa Kamina, Katanga, chini ya padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen. Mwaka 1958 kwaya ile ilizunguka Ulaya. Fikiria: sauti za watu wa Kamina, mji ambao hata leo ukitoa salamu kwa Kiswahili utaitikiwa, zimelala kwenye kreti uani kwa mkulima wa Iowa! Nililipa dola yangu bila kusema neno. Tangu hapo kila Jumamosi nikawa barabarani.

Ukizoea unajifunza. Unaitoa santuri kwenye jalada, unaishika kwa kingo, unaielekeza juani uone mikwaruzo. Unatazama kama joto limeipinda. Unasoma herufi ndogo zilizochongwa karibu na karatasi ya katikati. Na unajifunza kwamba uzee peke yake si thamani. Tenzi alizoimba Tennessee Ernie Ford mwaka 1956 zilinunuliwa na watu wengi mno, kwa hiyo kreti nyingi zinazo na hakuna anayezigombania. Kinachopandisha bei ni uchache. Mwaka 2013 santuri moja ya mwimbaji wa blues Tommy Johnson ilinunuliwa kwenye mnada wa intaneti kwa zaidi ya dola 37,000. Hata nyimbo za Injili zina hadithi hiyo: kikundi cha kanisa dogo kilichanga fedha, kikatengenezewa nakala mia chache, kikaziuza mlangoni baada ya ibada. Leo wapo watu wanaozisaka hizo usiku na mchana.

Niliikuta moja ya namna hiyo kwa mama mmoja mjane. Niliitambua kabla sijaitoa yote kwenye kreti. Nilikuwa nimeona nyingine kama hiyo ikiuzwa zaidi ya dola 200. Moyo ulinidunda. Nikaigeuza juani. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Nikakunja uso.

"Mama, hii jalada lake limechakaa," nikasema. "Nipunguzie."

Akaniangalia, akasema, "Haya, nipe senti 50."

Nilipokuwa nikitoa sarafu akaniuliza kama katika zile santuri za marehemu mume wake kulikuwa na yoyote ya maana. Nikamjibu kwamba nyingi ni za kawaida. Ndugu msomaji, hilo lilikuwa kweli. Nyingi zilikuwa za kawaida.

Mithali 20:14 inamtaja mnunuzi anayekiponda kitu mbele ya mwenye nacho, kisha akienda zake anajisifu. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi nikiwafikiria watu wa sokoni kwetu. Jumapili ile ilinikuta nimekaa kanisani na nikajijua.

Nilijitetea, ndiyo. Nilikimbilia Mathayo 13:44, kwa yule mtu aliyekuta hazina shambani, akaificha tena, akaenda kulinunua shamba lile. Mbona yeye hakumwambia mwenye shamba? Lakini yule aliuza vyote alivyokuwa navyo. Mimi niliomba kupunguziwa senti 50. Na Bwana alikuwa akisema juu ya Ufalme, wala hakuwa akifundisha biashara. Kwa biashara kuna Mambo ya Walawi 25, ambako watu wa Mungu wanakatazwa kudhulumiana katika kuuza na kununua. Mstari wa 14 wengi tunaufahamu, inayofuata tunairuka. Pale bei ya shamba inahesabiwa kwa idadi ya miaka ya mavuno iliyobaki hadi mwaka wa Yubile. Anayeuza na anayenunua wanahesabu miaka ileile. Hakuna mmoja anayejua hesabu na mwingine asiyejua.

Ilinichukua wiki mbili kurudi. Mshale haukuwapo tena kwenye nguzo, na meza zilikuwa zimeondolewa uani. Nilimkuta barazani. Nikampa ile santuri, nikamwambia bei ambayo nyingine kama hiyo ilipata, nikamwandikia jinsi ya kuiuza.

Hakuuliza habari za bei. Aliligeuza jalada, akapitisha kidole kwenye kona ambako mtu alikuwa ameandika tarehe kwa kalamu ya wino. Mimi niliyekagua kila mfuo wa santuri ile sikuwa nimeiona tarehe hiyo.

"Siku ile ulijua?" akauliza.

"Nilijua, mama."

Akanyamaza kidogo, kisha akaingia ndani na santuri yake. Nilidhani mazungumzo yamekwisha, nikaanza kushuka ngazi. Akatoka tena, akanishika mkono, akaniwekea kiganjani sarafu mbili za senti 25.