Yaani au kwa mfano? Herufi mbili zilizochelewesha likelemba

Mwenzetu mmoja wa hapa Butembo alichukua pesa ya likelemba, akaagiza vitenge Kampala kwa simu. Muuzaji hajui Kifaransa, basi wakaandikiana Kiingereza. Mama aliandika anataka rangi za giza, e.g. buluu na nyeusi. Kichwani mwake zilikuwa hizo mbili tu. Mzigo ulipopita Kasindi na kufunguliwa, tulikuta buluu kidogo, kahawia, na zambarau nyingi. Tulianza kumtukana muuzaji. Tuliposoma tena ujumbe, tuliona hakuiba kitu: alifuata kilichoandikwa.

Herufi hizo ni za Kilatini. "E.g." ni exempli gratia, kwa mfano; anayeisoma anajua rangi nyingine za giza zinakubaliwa pia. "I.e." ni id est, yaani: hizi na si nyingine. Shuleni tulizifundishwa kwa Kifaransa, "p. ex." na "c.-à-d.", na hatuzichanganyi. Kwa hiyo kabla ya kutuma, weka "kwa mfano" mahali pale, usome. Kama maana inaharibika, ulitaka "i.e."

Kifaransa chetu ndicho kinatudanganya zaidi. Muuzaji yule alipoulizwa kama atabadilisha zile zambarau, alijibu "eventually". Mama akalia, kwa sababu alisikia "éventuellement", pengine ndiyo, pengine hapana. Kumbe Kiingereza kinasema mwishowe, baada ya muda. Alikuwa ameahidi! Vilevile "actually" si "actuellement". Maana yake ni kwa kweli, si sasa hivi. Sisi walimu tusijifanye wajuzi hapa: hilo la mwisho tuliliandika vibaya ubaoni miaka mingi, na wanafunzi wakalinakili kwa mwandiko mzuri.

Halafu saa. Wanaosafiri, angalieni tikiti ya basi iliyoandikwa 12 a.m. Hiyo ni saa sita ya usiku. Adhuhuri ni 12 p.m. Tikiti ya Jumanne saa 12 a.m. ina maana ufike kituoni Jumatatu usiku, la sivyo utakuta basi limeondoka zamani. Na saa ya Kampala iko mbele ya yetu kwa saa moja. Ukiwa na shaka, uliza "usiku au mchana?" Hakuna aibu.

"Its" na "it's" watoto wanatuuliza kila wiki. Yenye alama ni "it is" iliyofupishwa. Isiyo nayo ni "yake". Kosa hilo halijamfilisi mtu.

Mama ameandika upya, safari hii kwa "i.e.", na muuzaji amekubali kubadilisha nusu. Nusu nyingine ya zambarau iko nyumbani kwake. Likelemba inamngojea hadi mwisho wa mwezi, basi anayependa rangi hiyo apite aione.