Kabla ya Kununua Rejeta Kubwa

Gari likichemsha kwenye mlima wa kutoka Salgaa kwenda Mau Summit, dereva hushauriwa ama afunge rejeta kubwa ama ang'oe themostati. Mara nyingi ushauri huo hauugusi mzizi wa tatizo, nao ni mgandamizo. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Timboroa, kwenye barabara ya Eldoret, imepita mita 2,700. Kadiri unavyopanda ndivyo mgandamizo wa hewa unavyopungua na maji yanavyochemka mapema: Mombasa nyuzi 100, Nakuru karibu 94, Timboroa karibu 91. Injini nyingi hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi hizo hizo za tisini. Kinachozuia maji yasichemke ni kifuniko cha rejeta. Kikiwa na alama ya mgandamizo ya 0.9 na bado ni kizima, hubana mfumo kiasi kwamba hata Timboroa maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 110. Springi ikilegea au mpira wake ukipasuka, kinga hiyo hutoweka, na rejeta iwe kubwa namna gani haiwezi kuirudisha.

Wapo wanaosema kulanti ni kupoteza pesa, kwa kuwa maji matupu hubeba joto vizuri zaidi. Kuhusu joto hawajakosea. Lakini maji matupu huleta kutu, na maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana chumvi na floridi, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Chumvi hula alumini, na uchafu huziba vijia vyembamba vya rejeta. Kulanti huzuia kutu na kuchelewesha kuchemka. Ichanganywe nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini, kama yale ya kuongeza kwenye betri.

Wengine hushikilia kwamba themostati ni ya nchi za baridi. Hata hivyo, bila themostati injini huchelewa kupata joto lake, hula mafuta zaidi na kuchakaa upesi. Tena katika baadhi ya injini, themostati ikifunguka huziba njia ya mkato. Ukiing'oa, sehemu ya maji moto huzunguka bila kupitia kwenye rejeta, na gari huzidi kuchemsha pale pale mlimani.

Rejeta kubwa ina nafasi yake: lori linalopanda mlima na shehena kila siku, au injini iliyoongezewa nguvu, huenda likaihitaji. Ila iwe hatua ya mwisho, baada ya kukagua kifuniko, mipira ya maji, feni, wota pampu na themostati. Anza na kifuniko, injini ikiwa imepoa kabisa, kwa sababu kukifungua ikiwa moto ni kujimwagia maji yanayounguza. Kikiwa kimechoka, nunua kingine chenye alama ile ile kabla hujatumia pesa kwa kitu kingine chochote.