Somo la Leo: Programu Zinavyoandikiana Barua

Somo la leo lawahusu hasa ninyi mnaosimamia vyama vya ushirika, mashine na maduka makubwa. Siku moja fundi wa kompyuta atawauliza, "Mwataka huduma zenu ziwe za SOAP au za REST?" Yafaa mjue la kumjibu, maana fedha ni zenu.

Wafikirieni wenye mashine za kukoboa mpunga hapa Kagongwa. Wataka programu moja ya kuandika magunia yanayoingia, kuwalipa wakulima kwa simu, na kulipia ushuru wa mazao. Programu hiyo haiwezi kufanya yote peke yake. Hapana budi iombe na kujibiwa na programu za watu wengine, kwa njia ya intaneti. Namna hiyo ya kuomba na kujibu ndiyo tunayoichagua.

SOAP, iliyobuniwa mwaka 1998, ni kama barua rasmi. Ujumbe huandikwa kwa lugha ya XML na kutiwa ndani ya bahasha, na kwa kawaida pande zote mbili huwa na waraka wa mkataba ueleza kila ombi na kila jibu. Barua yenyewe yaweza kutiwa sahihi. Hata ikipita katika programu tatu njiani, mpokeaji atajua kama imeguswa. Ubaya wake ni uzito: mara nyingine bahasha huwa kubwa kuliko habari iliyomo.

REST ilielezwa na Roy Fielding mwaka 2000, katika tasnifu yake ya chuo kikuu huko Marekani. Hapa kila kitu kina anwani yake: mkulima namba 12, gunia namba 40. Vitendo ni vichache, tena ni vile vile vya intaneti ya kila siku: GET kusoma, POST kuongeza, PUT kuweka, DELETE kufuta. Majibu mara nyingi huandikwa kwa JSON, nayo ni mafupi, yanafaa mtandao dhaifu.

Sasa tazameni jirani zetu. Safaricom ya Kenya ilipowafungulia wafanya biashara mlango wa M-Pesa, kwanza ilitumia SOAP. Mwaka 2017 ikafungua Daraja, lenye mtindo wa REST. Kwetu Tanzania, mfumo wa malipo ya Serikali, GePG, ulioanza mwaka huo huo, hupokea XML iliyotiwa sahihi ya kidijiti. Sisemi kwamba ni SOAP kamili. Lakini sahihi iko juu ya waraka wenyewe, wala si ulinzi wa njia tu, nami naona faida yake: fedha ya umma huja kuulizwa baadaye.

Kwa hiyo wenye mashine wetu hawalazimiki kuchagua mmoja. Kwa ushuru watafuata mtindo wa upande wa pili, kwa kuwa huo umekwisha amua. Kwa magunia ya uani, REST yatosha kabisa. Fundi akiwaambia kwamba SOAP imepitwa na wakati, mwulizeni programu atakayozungumza nayo yasema lugha gani.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko jina la mtindo. Karani anabonyeza "lipa", mtandao unakatika. Je, fedha imekwenda au haikwenda? Akibonyeza tena, huenda mkulima akalipwa mara mbili, na saa hiyo yumo ndani ya basi la kwenda Geita. (Niliwahi kumwona karani mmoja akibonyeza mara tatu kwa hofu. Simlaumu.) GET na PUT zikirudiwa, matokeo yapaswa kuwa yale yale, POST haina ahadi hiyo. Basi kila malipo yapewe namba yake kabla hayajatumwa, na mpokeaji akiiona namba ile ile mara ya pili arudishe jibu la kwanza, asilipe upya. Ulinzi huo hauji wenyewe kwa kuchagua SOAP wala REST. Uandikwe katika makubaliano yenu na fundi, kabla hamjamlipa.

Kazi ya kikundi chenu: andikeni kila malipo yatokayo ofisini kwenu. Kando ya kila moja andikeni ni nani atakayeiuliza hati yake baada ya mwaka, na hasara itakuwa shilingi ngapi ombi likienda mara mbili. Njoni na karatasi hiyo kwenye somo lijalo.