Nguzo ya Umeme Hupimwaje Pasipo Kukatwa?

Mtu aendaye sokoni kununua mtungi haridhiki kwa kuutazama tu. Huuinua, akaugonga kwa kidole, akasikiliza. Ukilia vizuri, hulipa. Ukitoa sauti mbovu, hujua kwamba una ufa, akaurudisha. Kazi ninayotaka kuwaeleza leo ni hiyo hiyo, ila badala ya mtungi ni nguzo ya umeme, na mwenye kukosea hapotezi shilingi chache, bali huenda akapoteza uhai wake.

Nguzo nyingi za miti katika nchi yetu ni mikaratusi iliyopandwa pande za Mufindi na Njombe. Kabla ya kusimikwa hutiwa dawa kiwandani: ama kreosoti, ama maji yenye chumvi za shaba, kromi na aseniki. Walakini dawa hukaa katika tabaka ya nje, kwani kiini cha mkaratusi ni kigumu kupenyeka. Jua likiipasua nguzo, na ufa ukapita tabaka yenye dawa, maji hupata njia ya kuingia.

Adui zake ni wawili, kuvu na mchwa. Kuvu hutaka unyevu, hewa na joto. Mti wenye maji chini ya sehemu 20 kwa 100 ya uzito wake mkavu hauwezi kuozeshwa na kuvu. Ndiyo sababu nguzo haiozi sana katikati, penye upepo na jua, bali huoza mguuni, tangu usawa wa ardhi hata sentimita 30 hivi chini yake, mahali ambapo unyevu na hewa hukutana. Huko Karatu, chini ya msitu wa Ngorongoro, mvua na ukungu wa milimani hulowanisha udongo. Ukishuka Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, nchi ni kavu, lakini mashamba ya vitunguu humwagiliwa maji, na mchwa nao hawana likizo.

Sasa angalieni jambo la ajabu. Nguvu za nguzo zi katika ganda lake la nje zaidi ya moyo wake. Nguzo yenye upana wa sentimita 30, ikitoboka katikati tundu la sentimita 15, hupoteza sehemu moja tu katika 16 ya nguvu zake za kustahimili kupindwa. Bali ikiliwa sentimita moja na nusu tu kwa nje, kuizunguka pande zote, hupoteza zaidi ya robo. Kwa hiyo haitoshi kujua kwamba nguzo imeoza. Yapasa kujua imeoza wapi, na ganda zima lililosalia lina unene gani.

Fundi huanza kwa macho, akitafuta nyufa na njia za mchwa. Kisha huigonga kwa nyundo pande zote, tangu chini hata mkono wake ufikapo. Mti mzima hulia mlio mkavu, na nyundo huruka. Mti uliooza hutoa sauti nzito kama ya mzinga mtupu. Halafu huchimba kuizunguka nguzo, akaidunga kwa chuma chenye ncha, maana nyundo haiwezi kusema habari za chini ya udongo, wala haitambui uozo ulioanza jana.

Penye shaka hutumia vyombo. Kimoja hupeleka mlio kutoka upande huu wa nguzo hata upande wa pili, na kuhesabu muda wake. Ndani ya mti mzima mlio hupita upesi. Penye uozo hauna budi kuzunguka, hivyo huchelewa. Kingine ni sindano ndefu yenye ncha ya milimita 3, izungushwayo na mashine. Penye mti mgumu hupingwa, penye uozo huteleza, na chombo huchora mstari kuonyesha mambo hayo.

Kwa nini taabu yote hii? Kwa sababu nguzo iliyooza huweza kusimama miaka mingi ikishikiliwa na nyaya zake tu. Siku fundi apandapo na kuzifungua, humwangukia pamoja naye.

Nanyi wanavijiji, msichome majani karibu na nguzo, wala msirundike samadi mguuni pake. Mkiona imeinama au imeliwa, msiiguse wala msiigonge. Pelekeni habari upesi ofisi ya TANESCO. Kadhalika, vipande vya nguzo kuukuu visitiwe jikoni, kwani moshi na majivu ya mti uliotiwa aseniki ni sumu.

Wazee walisema, debe tupu haliachi kuvuma. Nguzo tupu nayo husema, ila humwambia yule tu aliyeigonga akasikiliza.