Ufuatiliaji na Tathmini ya Miradi ya Ugani ya Chuo Kikuu: Mfano wa Mnyauko wa Migomba katika Kivu

Utangulizi

Chuo kikuu kina kazi tatu: kufundisha, kutafiti, na kuihudumia jamii. Kazi mbili za kwanza zina mizani inayojulikana: mwanafunzi hutahiniwa, na utafiti huhakikiwa na wataalamu wengine. Kazi ya tatu, ambayo kwa Kiswahili huitwa ugani, mara nyingi haina mizani. Walimu na wanafunzi huenda kijijini, hufundisha, hurudi mjini na kuandika taarifa isemayo kwamba wakulima wengi walihudhuria na kufurahi. Kama kuna jambo lililobadilika shambani baada ya wao kuondoka, taarifa haisemi. Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kuliziba pengo hilo, na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kazi ya lugha.

1. Maneno mawili, kazi mbili

Neno ufuatiliaji latokana na kitenzi fuata, kilichopanuliwa kikawa fuatilia, yaani kufuata kwa makini bila kukatiza. Ufuatiliaji hufanyika mradi ungali ukiendelea. Huuliza: je, tuliyoyapanga yanatendeka, kwa wakati wake na kwa watu waliokusudiwa? Neno tathmini lina asili ya Kiarabu, nalo ni la mzizi mmoja na thamani. Kutathmini ni kukadiria thamani ya jambo. Huuliza: je, kazi hii imeleta faida gani, na kwa nani? Afuatiliaye bila kutathmini huijua safari asijue kama amefika. Atathminiye bila kufuatilia huyaona matokeo asijue yalivyopatikana.

2. Ugonjwa na mafunzo yake

Tuchukue mfano wa mnyauko wa migomba uletwao na bakteria. Ugonjwa huu ulionekana Masisi, Kivu Kaskazini, mwaka 2001, kisha ukaenea hata Kivu Kusini. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati, na shina likikatwa hutoa utomvu mzito wa manjano. Wadudu huubeba kutoka ua moja hadi jingine, na binadamu huubeba kwa panga lake. Kwa kaya ambayo hula ndizi, huuza ndizi na hutengeneza pombe ya ndizi, hasara hiyo hugusa chakula, ada ya shule na heshima ya nyumba.

Hapo awali wakulima walishauriwa kung'oa shina gonjwa pamoja na machipukizi yake yote. Wengi hawakufanya hivyo. Mtaalamu wa haraka angeandika kwamba wakulima hawakuelewa. Ukweli ni kwamba kazi ile ilikuwa nzito mno, na iliondoa hata machipukizi ambayo bado yangeweza kuzaa. Baadaye ushauri ulibadilika: kata mara kwa mara shina moja moja lenye dalili, usawa wa ardhi, ondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, safisha panga kwa moto au dawa. Tathmini njema humpima mkulima, lakini haikosi kuupima pia ushauri aliopewa.

3. Kitu gani kihesabiwe?

Tuseme kitivo cha kilimo kimefundisha mbinu hizi katika vijiji vichache. Mambo ya kuhesabu ni ya ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni yale tuliyoyatenda: vikao vingapi, watu wangapi. Ngazi ya pili ni yale wanayoyatenda wakulima: wangapi huondoa ua dume, wangapi husafisha panga. Ngazi ya tatu ni badiliko lenyewe: katika kila migomba mia, mingapi ni migonjwa, na kaya hupata mikungu mingapi. Taarifa nyingi huishia ngazi ya kwanza, kwa kuwa ndiyo rahisi.

Ili badiliko lijulikane, sharti hali ya mwanzo iandikwe kabla ya somo la kwanza. Asiyeihesabu migomba migonjwa siku ya kufika hataweza kudai siku ya kuondoka kwamba imepungua. Yafaa pia kutazama kijiji jirani kisichofundishwa, kwani ugonjwa waweza kupungua kwa sababu nyingine. Tena wakati una kanuni yake: mgomba ulioambukizwa waweza kukaa muda mrefu bila dalili, hivyo tathmini ya mwezi mmoja baada ya mafunzo hueleza machache sana.

4. Swali hufanya jibu

Hapa ndipo idara za lugha zinapohitajika. Hojaji nyingi huandikwa kwa Kifaransa, hufasiriwa kwa Kiswahili sanifu, kisha muulizaji huzigeuza papo hapo kuwa Kiswahili cha mahali, au Kishi, Kihavu au Kinande. Swali hufika likiwa jingine. Kwa mfano, ukiuliza tu kama majani yamegeuka manjano, utahesabu magonjwa mawili kama moja, kwa kuwa mnyauko uletwao na kuvu nao hugeuza majani hivyo hivyo. Ni lazima kuuliza pia habari za utomvu na za ndizi kuiva kabla ya wakati, na kulikata shina inapowezekana.

Dawa yake si ngumu. Mtu mmoja afasiri hojaji. Mwingine, asiyeiona ya asili, aifasiri kuirudisha katika Kifaransa. Kisha mbili hizo zilinganishwe. Halafu hojaji ijaribiwe kwa watu wachache kabla ya kazi yenyewe.

Adabu nayo ina nguvu. Ukimwuliza mzee, «Je, mafunzo yetu yalikusaidia?», atajibu «Ndiyo», kwa sababu mgeni havunjwi moyo. Afadhali umwambie: «Mara ya mwisho ulipouona mgomba mgonjwa, ulifanya nini?» Kisha umwombe akuonyeshe panga na namna anavyolisafisha. Tena aulizwe mwenye kufanya kazi. Mara nyingi mume hujibu uani, na mke ndiye ashindaye shambani.

5. Matokeo ni mali ya nani?

Taarifa ikikamilika hupelekwa kwa mfadhili na kwa mkuu wa kitivo. Wenye migomba husahauliwa. Hilo ni kosa la haki, na pia ni kosa la elimu. Waswahili husema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanakijiji wakisomewa matokeo katika lugha yao, watasahihisha hesabu, watataja sababu ambazo hojaji haikuziuliza, na watajua la kufanya mradi ukiisha.

Hitimisho

Mradi wa ugani hauthibitishwi kwa orodha ya waliohudhuria. Huthibitishwa shambani, kwa kulinganisha hali ya mwanzo na hali ya baadaye, kwa maswali yaliyoeleweka na majibu yaliyoonwa kwa macho. Kwa hiyo kila timu ya ugani na imchukue mwanafunzi wa lugha tangu siku ya kuandika hojaji, wala isimngoje siku ya kufasiri taarifa.