Busia na Tororo machoni mwa Mwitaliano

WAGENI wengi kutoka Ulaya huvuka Busia wakiwa nusu usingizini. Basi la usiku kutoka Nairobi hufika mpakani kabla ya jua kuchomoza, abiria huteremshwa, pasipoti hugongwa mihuri, kisha kila mtu hurudi kitini kusinzia hadi Jinja au Kampala. Ukiwauliza baadaye waliona nini, watakuambia waliona foleni ya malori.

Mimi ni Mwitaliano, na nimekaa Tororo miaka ya kutosha kujua kwamba wenzangu hao hukosa uhondo. Kazi yangu ni ya mitambo ya kusukuma maji. Vipuri vingi hupatikana upande wa Kenya, kwa hivyo karibu kila wiki huwa niko Busia. Kiswahili hiki sikukisomea darasani. Nilikiokota sokoni kwa akina mama wauza omena na nyanya, ambao hawana subira na mzungu anayetaka kupunguziwa bei kwa Kiingereza. Serikali ya Uganda iliamua mwaka wa 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Soko la Busia lilikuwa limeamua hivyo zamani sana.

Nilizaliwa Gorizia, mji mdogo ulio kwenye mpaka wa Italia na Slovenia. Labda ndiyo sababu Busia haikunishangaza kama inavyowashangaza Waitaliano wa Roma au Milan. Mtu wa mpakani humtambua mwenzake. Huwa amepiga hesabu ya sarafu mbili kichwani kabla hajauliza bei, na akiona afisa aliyevaa sare hubadilisha mwendo hata kama hana kosa.

Msomaji wa Kenya huenda anakumbuka kwamba hadi mwaka wa 1902 Uganda ilienea mashariki hadi karibu na Naivasha. Mwaka huo Waingereza waliumega mkoa wa mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mnamo 1926 mpaka ukaandikwa rasmi. Wasamia wakajikuta wako pande mbili, Wateso vivyo hivyo, na mji ukachipuka huku na huku ukiwa na jina lile lile. Idi Amin aliichokonoa historia hiyo Februari 1976 alipodai sehemu za magharibi mwa Kenya, na uhusiano wa nchi hizo mbili ukaharibika vibaya.

Kwetu mkasi ulipita mwaka wa 1947, baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Mji wa kale wa Gorizia ukaachiwa Italia, lakini vijiji vingi vilivyoulisha vikaenda Yugoslavia. Katika kijiji cha Merna mstari ulikata makaburi katikati, hivi kwamba maiti wengine walibaki nchi moja na wengine nchi ya pili. Yugoslavia, ikiwa na mashamba yasiyo na mji, ilianza kujenga mji mpya kando ya seng'enge mwaka wa 1948 na kuuita Nova Gorica, yaani Gorizia Mpya.

Naitaja habari hiyo kwa sababu Tororo kuna mvutano unaofanana nayo. Kwa miaka mingi Wateso na Jopadhola wamezozana kuhusu kugawanywa kwa wilaya ya Tororo, na kinachokwamisha mambo aghalabu si mashamba bali ni manispaa. Kila upande unautaka mji. Mgeni anaweza kucheka na kusema ni mji wa vumbi la saruji na mwamba mmoja mkubwa. Mimi sicheki. Nimekulia mahali ambapo watu walinyang'anywa mji wao kwa kalamu, na najua kwamba mji si majengo tu. Ni hospitali, ni shule ya upili, ni duka linalokukopesha unga, ni stesheni ya reli. Tororo ilipata reli kutoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, ambapo njia moja ilielekea Jinja na nyingine Soroti, na biashara yote ya eneo hilo ikajipanga kuuzunguka mji huo. Atakayebaki nje ya manispaa hawezi kujijengea nyingine kwa siku moja.

Turudi Busia. Jambo la kwanza ambalo Mwitaliano hupenda hapa ni baiskeli, maana sisi ni watu wa baiskeli. Ni katika mpaka huu, miaka ya 1960, ambapo vijana walianza kubeba abiria na mizigo kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda wakiita "border, border", na jina bodaboda likazaliwa. Leo neno hilo limesambaa kote Afrika Mashariki, na walio wengi wanaolitumia hawajawahi kufika Busia. Pikipiki imeisukuma baiskeli kando, lakini haijaimaliza. Ukisimama barabarani asubuhi utaona baiskeli iliyobeba trei za mayai hadi dereva haonekani, na nyingine imefungwa magunia matatu huku mwenyewe akiisukuma kwa mguu.

Wapo pia watu wenye ulemavu wanaoendesha baiskeli za magurudumu matatu kwa mikono. Kwa miaka mingi maafisa wa forodha waliwaonea imani na kuwapitisha bila kuwasumbua sana. Wafanyabiashara waligundua hilo haraka, wakawapa mizigo yao. Hivyo watu ambao waajiri wengi wangewafukuza mlangoni wakawa wasafirishaji wa kutegemewa mpakani.

Hapo ndipo tunafika kwenye magendo, jambo ambalo wageni hulizungumza kwa kunong'ona na wenyeji huliona kama kazi nyingine yoyote. Baridi kali ilipounguza kahawa ya Brazil mwaka wa 1975 na bei ikapanda duniani, kahawa ya Uganda ilimiminika Kenya usiku na watu wakatajirika. Miaka hiyo hiyo Gorizia, kahawa ilikuwa ikienda upande wa pili ikiwa imefichwa chini ya sketi za akina mama, kwa vile Yugoslavia ilikuwa adimu. Nyama na petroli zilirudi kwetu kwa njia iyo hiyo.

Siku hizi Busia ina bidhaa ambayo babu zangu hawangeamini kwamba inafaa kufichwa: mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, na adhabu yake inaweza kufika faini ya Sh4 milioni au kifungo cha miaka minne. Uganda nayo imekuwa ikitangaza marufuku yake tangu miaka ya 2000, lakini kavera bado inauzwa. Basi mfuko unaofungiwa nyanya kwa uwazi upande mmoja unageuka jinai baada ya hatua mia chache. Kwa maoni yangu sheria ya Kenya ni nzuri, na mitaro ya Busia upande wa Kenya ni shahidi. Hata hivyo, anayekamatwa mara nyingi si mwenye kiwanda. Ni msichana aliyetumwa na bunda kwenye begi la shule.

Februari 24, 2018, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha ukaguzi Busia. Zamani lori lilikaguliwa likitoka nchi moja, kisha likaguliwe tena likiingia nyingine. Sasa maafisa wa nchi zote mbili hukaa katika jengo moja, na mizigo hukaguliwa mara moja tu katika nchi inakoingia. Sina shaka kwamba mpango huo umewafaa wenye malori, na kila saa inayookolewa mpakani ni pesa kwa mnunuzi wa Kampala, Kigali au Juba.

Lakini Busia haikujengwa na malori. Ilijengwa na mtu wa miguu. Na mtu huyo wa miguu, ambaye mara nyingi ni mwanamke aliyebeba ndizi, maharagwe au mayai, bado namwona akikata kona kuelekea njia za panya, zile zinazopita kati ya nyumba za mtaa wa Sofia upande wa Uganda na kutokea Kenya. Huko hulipa pia, ila hapewi stakabadhi.

Cha ajabu ni kwamba kisheria hana haja ya kujificha. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza mwaka wa 2005, na upo utaratibu uliorahisishwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo. Bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya, zilizo katika orodha iliyokubaliwa, na ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Amerika, hupita bila ushuru wa forodha kwa cheti kimoja kinachojazwa pale pale mpakani. Trei kumi za mayai hazikaribii hata kidogo kiasi hicho. Basi kwa nini azunguke Sofia?

Nimesikia sababu nyingi sokoni. Wengine hawajawahi kuambiwa kwamba cheti hicho kipo. Wengine wanakijua, lakini wanasema jengo ni kubwa, madirisha ni mengi, na wanaume wenye faili wanawapita kwenye foleni. Wengine wanahofia kwamba ukishaandika jina lako leo, kesho utadaiwa kodi. Na wapo wanaojibu kwa hesabu tupu: nusu siku dirishani ni nusu siku bila kuuza, na nyanya haisubiri mtu.

Kisha sheria yenyewe hubadilika usiku. Machi 5, 2021, Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya aflatoxin. Baada ya siku tano marufuku ikaondolewa, lakini kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na awe na cheti kuonyesha kwamba sumu hiyo haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Siwezi kupinga usalama wa chakula. Mababu zetu kaskazini mwa Italia walikula polenta, ambayo kusema kweli ni ugali usiotaka kuitwa ugali, na katika karne ya 19 wakulima maskini walioila peke yake bila kitoweo waliugua pellagra kwa maelfu. Mahindi yanaweza kuua. Ila mwenye lori atapeleka sampuli maabara na kulipia. Mama anayepima mahindi yake kwa gorogoro atafanyaje? Atarudi Sofia.

Janga la corona lilionyesha waziwazi mpaka huu ni wa nani. Machi 2020 watu walizuiwa kuvuka, lakini malori ya mizigo yakaruhusiwa. Huko Malaba madereva walikaa foleni ya makumi ya kilomita wakisubiri kupimwa, na hiyo ndiyo picha iliyotokea magazetini. Mama wa mayai hakupigwa picha. Hakuwa na lori, kwa hivyo kisheria hakuwa na mizigo. Mwezi uo huo, kwetu Gorizia, seng'enge iliyoondolewa mwaka wa 2004 ilirudishwa katikati ya uwanja wa stesheni, na wapenzi wakawa wanakutana hapo kila mmoja akiwa upande wake.

Isidhaniwe kwamba mpaka ni mzigo tu. Mara kadhaa umekuwa kimbilio. Ghasia zilipozuka Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya Wakenya walivuka kupitia Malaba na Busia, na wengi wao wakapewa hifadhi katika kambi ya Mulanda, wilayani Tororo. Januari 2021 ikawa zamu ya Waganda. Serikali yao ilizima intaneti wakati wa uchaguzi, lakini mawimbi ya kampuni za simu za Kenya hayasikii amri ya Kampala, na aliyekuwa na laini ya Kenya karibu na mpaka aliendelea kusoma habari za nchi yake kutoka nchi jirani.

Kwetu, mambo yalilegea kwa njia isiyotarajiwa. Agosti 13, 1950, siku ya Jumapili, maelfu ya watu kutoka upande wa Yugoslavia waliwalemea walinzi, wakamiminika Gorizia na kununua walichokosa nyumbani, hasa mifagio. Hadi leo siku hiyo inaitwa Jumapili ya Mifagio. Miaka mitano baadaye serikali zikasalimu amri mbele ya mifagio: mkataba wa Udine wa 1955 uliwapa wakazi wa ukanda wa kilomita kumi kila upande kitambulisho cha kuvukia, pamoja na ruhusa ya kubeba kiasi fulani cha nyama, kahawa na sigara. Hapakuwa na urafiki wowote kati ya Roma na Belgrade wakati huo. Bado mama mwenye kikapu alikuwa na karatasi yenye jina lake, na afisa alijua akiiona hana cha kuuliza.

Schengen ilikuja Desemba 2007. Mwaka wa 2025 Gorizia na Nova Gorica zilikuwa kwa pamoja Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya, ingawa Italia ilikuwa imerudisha ukaguzi wa polisi mpakani tangu Oktoba 2023. Kwa hivyo sitoi somo la Ulaya hapa. Wakenya na Waganda wanavuka kwa vitambulisho vya taifa tangu 2014, na mpakani Busia watu husalimiana kwa lugha nne kabla ya kifungua kinywa.

Ningeomba kitu kimoja tu. Afisa wa cheti cha dola 2,000 atoke kwenye lile jengo kubwa saa kumi na mbili asubuhi, aende alipo mwenye kikapu, mdomoni mwa njia ya Sofia, kabla jua halijapanda. Anahitaji meza, kiti, muhuri na orodha ya bidhaa iliyoandikwa kwa Kiswahili, Kisamia na Kiteso.