Kutoka dishi hadi bando: bei kamili ya vipindi vinavyohamia intaneti

Februari 2024, MultiChoice, kampuni ya DStv na GOtv, ilizindua upya Showmax ikishirikiana na Comcast, iliyochukua hisa 30% kupitia NBCUniversal. Showmax ilizinduliwa kama huduma ya kutiririsha: kipindi kinamfikia mtazamaji kwa intaneti, wakati anaoutaka mwenyewe, bila dishi wala king'amuzi. Nchini Kenya, tamthilia kwenye simu ziliwekewa ada ya Sh300 kwa mwezi. Ada ya vifaa vyote ilikuwa Sh650, na mechi zote 380 za Ligi Kuu ya Uingereza kwenye simu Sh500. Mkazi wa Kisumu anayelipia king'amuzi angeziona bei hizi kuwa nafuu. Hesabu hii inapima kama unafuu huo unabaki baada ya kujumlisha kila anacholipa.

Gharama ya kwanza isiyotajwa kwenye tangazo ni bando. Dishi likishafungwa, kutazama saa moja au saa kumi hakuongezi gharama. Kwa kutiririsha, kila saa inakula data. Netflix hukadiria gigabaiti (GB) 0.3 kwa saa kwa picha hafifu, 0.7 kwa picha ya wastani, na hadi 3 kwa picha kali. Tuchukue hafifu, na mtu anayetazama saa moja na nusu kwa siku: kwa siku 30 atatumia GB 13.5. Kwa bando la siku la Safaricom la GB 1 kwa Sh99, hizo ni Sh1,337. Ukiongeza ada ya Sh300, jumla ni Sh1,637. Ada iliyotangazwa ni 18% tu ya jumla hiyo.

Akitaka picha ya wastani, data inafika GB 31.5, sawa na Sh3,119. Jumla inapanda hadi Sh3,419 na ada inashuka hadi 9%.

Makisio haya yana udhaifu wake. Wengi hawanunui bando la Sh99 kila siku. Hutafuta ofa na mabando ya saa moja. Basi tuseme mtazamaji wetu anapata GB moja kwa Sh40. Kwa picha hafifu, data itagharimu Sh540, bado zaidi ya ada. Ili bando lisizidi ada ya Sh300, GB moja lazima ishuke hadi Sh22. Ofa za bei hiyo huwa na muda mfupi, na data isiyotumika hupotea muda ukiisha.

Ndani ya bei ya bando mna kodi pia. Tangu Julai 2023 data hutozwa ushuru wa 15%, kisha VAT ya 16% juu yake. Katika Sh99, takriban Sh25 ni kodi na Sh74 ndizo za huduma yenyewe. Kwa mtazamaji wetu wa GB 13.5, kodi ya data pekee ni karibu Sh335 kwa mwezi, zaidi ya ada ya Showmax.

Sasa tuangalie familia. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,155,574 na kaya 300,745 katika kaunti ya Kisumu, wastani wa watu 3.8 kwa kaya. Kwa mfano, kifurushi cha king'amuzi cha Sh1,500 kinawagharimu Sh390 kila mmoja. Nyumba yenye fiber ya Sh2,999 na Showmax ya Sh650 ingetumia Sh3,649, yaani Sh950 kwa kila mtu. Lakini si haki kuibebesha televisheni bili yote ya intaneti, kwa kuwa intaneti hiyo hiyo inatumika kwa masomo na kazi. Tukiibebesha nusu, gharama inashuka hadi Sh560 kwa mtu. King'amuzi bado ni nafuu, ingawa pengo limepungua sana.

Kwa mpira, mshindani ni kibanda cha video. Katika mitaa ya Kisumu kama Nyalenda, Manyatta au Obunga, ubao wa chaki mlangoni huonyesha mechi na saa. Ndani kuna mabenchi na skrini moja. Tukichukua kiingilio cha Sh50, shabiki wa timu moja atalipa Sh1,900 kwa mechi 38 za msimu. Akitumia simu, kwa bei hizo za Showmax angelipa ada ya Sh500 kwa miezi kumi, yaani Sh5,000. Kila mechi ya saa mbili kwa picha ya wastani inakula GB 1.4, kwa hiyo msimu mzima ni GB 53.2, au Sh5,267. Jumla ni Sh10,267, zaidi ya mara tano ya kibanda. Picha hafifu inapunguza jumla hadi Sh7,257, lakini mpira wenyewe unakuwa mgumu kuonekana.

Kutiririsha kuna faida halisi, ya kuchagua saa ya kutazama, na wavuvi wa omena wa Ziwa Victoria wanaihitaji. Saa moja na nusu usiku, tamthilia zinapoanza, wao wako ziwani na taa zao. Mbalamwezi ikiwa kali hupumzika, na hapo ndipo wanapopata nafasi ya kutazama. Kwa mtazamaji wa aina hiyo, namna ya kulipa ina uzito: Viusasa, huduma ya kutiririsha inayohusishwa na Royal Media Services, ilianza 2017 kwa Sh10 kwa siku. Kwa siku 30 hizo ni Sh300, sawa na ada ya Showmax. Tofauti ni kwamba mvuvi anayetazama siku 12 tu angelipa ada ya Sh120. Malipo ya siku yanalingana na kipato cha siku.

Je, kampuni zenyewe zinafaidi? Katika mwaka ulioisha Machi 2025, hasara ya Showmax ilifika takriban randi bilioni 4.9, kutoka bilioni 2.6 mwaka uliotangulia. Kwa Sh7 kwa randi, hiyo ni karibu Sh34 bilioni. MultiChoice ilikuwa imelenga mapato ya dola bilioni 1 ndani ya miaka mitano. Kwa Sh129 kwa dola, na ada ya Sh3,600 kwa mwaka, lengo hilo linahitaji wateja milioni 35.8. Wateja wote wa ving'amuzi vya MultiChoice barani Afrika walikuwa milioni 14.5. Hata Disney ilipoteza dola bilioni 1.47 katika robo moja ya mwaka 2022 kabla ya kuanza kupata faida 2024.

Kuna takwimu moja ya kusomwa kwa tahadhari. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilionyesha wateja wa DStv Kenya wakishuka kutoka takriban milioni 1.2 Juni 2024 hadi karibu 189,000 Juni 2025, anguko la 84%. Lakini MultiChoice iliripoti kupoteza wateja milioni 1.2 barani kote katika mwaka ulioisha Machi 2025. Kenya peke yake ingekuwa imechangia zaidi ya 80% ya anguko hilo, ilhali soko la Afrika Kusini ni kubwa zaidi. Tarehe na namna ya kumhesabu mteja hai huenda zinatofautiana. Wala anguko la Kenya halithibitishi kwamba walioondoka walihamia kwenye huduma za kulipia za intaneti.

Kwa bei hizi, kuhama kwa vipindi kumemhamishia mtazamaji gharama ya kuvifikisha, na sehemu kubwa ya fedha zake huenda kwa kampuni ya simu na serikali. Kampuni za kutiririsha zinapaswa kuchapisha kiwango cha data kwa saa kando ya ada yao. Nawe msomaji, kabla ya kulipa, zidisha saa unazotazama kwa GB za saa moja, kisha kwa bei ya bando lako. Jibu hilo, pamoja na ada, ndiyo bei yako.